Inyamanza na Ngozi ya Mama

Nilikuwa na miaka tisa nilipoamini, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba mimi ndiye niliyemharibia mama yangu ngozi.

Tulikaa Remera, nyuma kidogo ya Gisimenti, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa dereva wa lori, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na kwa sababu yake nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile cha kwetu kinachoazima neno la Kinyarwanda kila kinapokwama. Mama alikaanga maandazi na chapati mbele ya nyumba, akawauzia watu waliosubiri basi. Ulikuwa mwaka 1991. Vita bado vilikuwa mbali, kaskazini. Sisi watoto tulivisikia redioni tu, na tuliviona katika nyuso za watu wazima.

Asubuhi moja ya likizo niliachiwa mchele uliotandazwa kwenye mkeka niulinde. Akaja inyamanza, kile kidege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia kila kinapotua. Kwetu inyamanza hauawi. Anaachwa atembee uani kama mtu wa nyumbani, na anayemuua huota amahumane, madonda na magamba ya mwili mzima. Nilijua hayo yote. Nilirusha jiwe ili nimtishe tu, na mimi sikuwa na shabaha hata kidogo, lakini siku hiyo jiwe lilimpata. Nilimtupa kwenye shimo la taka, nikamfunika kwa maganda ya ndizi. Kisha nikangoja madonda yanitoke.

Hayakunitoka mimi. Wiki chache baadaye mama alianza kujikuna viwiko.

Yalikuwa mabaka mekundu yaliyoinuka, na juu yake magamba meupe yakipukutika kama majivu. Yalitoka viwikoni na magotini, yakapanda kichwani kwenye mstari wa nywele, mwishowe yakashuka mikononi, mahali ambapo wateja waliyaona. Hospitalini alipewa mafuta ya kupaka. Mafuta yalipokwisha, mabaka yalirudi na kuongezeka.

Siku zile kulikuwa na ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza vijana mjini, na kila mtu aliisoma ngozi ya mwenzake. Walionong'ona hawakukubaliana: wengine walisema ni ukimwi, wengine ukoma. Mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua chapati mbili kila asubuhi alisimama, akaitazama mikono ya mama ikisukuma unga, akasema, "Mama Furaha, leo niko na haraka." Nilimwona akivuka barabara na kununua kwa mama mwingine. Jioni ile beseni lilirudi ndani limejaa. Tulikula maandazi baridi siku tatu.

Baba naye alianza kurudi akisema ameshakula njiani. Siku moja mama alimpelekea maji ya kunywa. Baba hakunyoosha mkono. Alisema, "Weka hapo mezani." Mama aliyaweka, akatoka uani, akakaa juu ya kinu akiwa ametupa mgongo. Nilitaka kumfuata nimwambie habari za jiwe. Nilibaki ndani nikiosha sufuria.

Ndipo akaitwa nyogokuru, bibi yangu mzaa mama, kutoka Bugesera. Alichukua siku mbili njiani kwa sababu ya vizuizi na kukaguliwa vitambulisho, akafika amebeba mzigo wa majani ya umubirizi, yale machungu ambayo kwetu hutibu karibu kila kitu. Alimwita mama kwa jina lake la utotoni, akamvua kitambaa cha kichwa, akamgusa mabaka kwa viganja vyote viwili bila kusita. Mama alilia. Nadhani ilikuwa miezi tangu mtu amguse.

Kila asubuhi nyogokuru alichemsha umubirizi, akauacha upoe, akamwogesha. Alipasua majani ya igikakarubamba, yaani mshubiri, akampaka ute wake, na juu ya ute akampaka siagi ya ng'ombe ili magamba yalainike. Leo nikikumbuka naona kwamba ilisaidia: muwasho ulipungua na nyufa hazikutoka damu tena. Lakini mama hakutaka nafuu. Alitaka mikono ambayo watu wangekubali kula ilichopika.

Siku moja mchana, tukichambua majani, nyogokuru aliuliza, "Nani kaua inyamanza katika nyumba hii?"

Mama alicheka kicheko cha kuchoka. "Eh, mama, hapa ni mjini."

"Mjini hakuna ndege?"

Mimi niliinamia majani yangu. Tangu siku hiyo chakula kilinishinda.

Jirani akamletea mama habari za mganga mmoja wa Kicukiro, aliyesemekana kuutoa ugonjwa wa namna hiyo na mizizi yake. Nyogokuru hakumtaka. Mama alisema, "Mwacheni anijaribu. Nimebaki na nini cha kuharibu?" Mganga alikuja na kibuyu cha dawa nyeupe. Harufu yake niliijua, na mtoto yeyote wa Kigali angeijua: utomvu wa umuyenzi, mnyaa wa kwenye ua, ule tuliokatazwa kuugusa usije ukatupofusha. Aliuchanganya na majivu, akaupaka kwenye mabaka yote.

"Ikiunguza, ujue inatoka," alisema.

Mama aliuma kitenge chake. Kisha kitenge kikamtoka mdomoni, akapiga yowe ambalo bado ninalo. Mganga aliondoka nyogokuru akimfukuza kwa fimbo. Kesho yake mikono ya mama ilikuwa malengelenge matupu, yamevimba, na hakuweza kushika hata kijiko. Nyogokuru alikuwa akimlisha uji. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ni mimi. Nilimuua kwa jiwe. Msimpake kitu tena, ni mimi."

Nilingoja kipigo. Nyogokuru aliweka kikombe chini, akamtazama mama. Mama alimtazama yeye.

"Njoo unionyeshe ulipomtupa," nyogokuru akasema.

Jua lilikuwa kali. Pale shimoni aliniwekea punje za mtama kiganjani, akaniambia nizimwage chini na niseme, "Sikukusudia. Mwachilie mama." Nilisema mara tatu. Alininawisha uso kwa maji ya umubirizi, akaniambia, "Basi. Imekwisha. Nenda ukale."

Nilikula. Na mama akapona. Malengelenge yalikauka, nyogokuru akaendelea na maji na siagi, na kufikia mvua za mwisho wa mwaka mikono yake ilikuwa safi. Mwalimu alirudi kununua chapati zake. Baba akapokea maji mkononi. Nilitembea mtaani nikijua jambo ambalo watoto wengine hawakulijua: kwamba kosa linaweza kuombewa msamaha, na likaisha.

Mwaka uliofuata mama alianza kuvaa sweta. Alilivaa asubuhi, alilivaa mbele ya jiko wakati wa kiangazi, jasho likimtiririka shingoni. Alisema anasikia baridi. Nilimwamini hadi alasiri moja nilipotoka shule mapema, nikamkuta nyuma ya nyumba amejifungia uzio wa khanga, akijimwagia maji ya kijani. Viwiko vyote viwili vilikuwa vimejaa magamba.

Nilianza kulia. "Mtama haukusaidia."

Alinivuta karibu kwa mikono yake iliyolowa. "Furaha, sikiliza. Baka la kwanza nilikuwa nalo kichwani kabla sijaolewa. Linakuja, linaondoka."

"Mbona ulimwacha nyogokuru afanye vile?"

"Ulikuwa umeacha kula. Siku ile mgonjwa ulikuwa wewe."

Miaka mingi baadaye daktari aliupa ugonjwa ule jina, akatuambia hauambukizi, haukuletwa na mtu, na hauponi kabisa, ila hutunzwa. Mama alisikiliza kwa adabu. Bado anajipaka siagi, na mimi ndiye ninayemfikia mgongoni.

Nyogokuru aliuawa mwaka 1994, kule kwake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikuwa nimewahi kumwuliza kama kweli aliamini yale ya shimoni, au aliyafanya kwa ajili yangu tu. Nimemwuliza mama badala yake. Aliinua mabega.

"Aliamini," akasema. "Lakini hata asingeamini, angekushika mkono mkaenda."