Kikombe Ukutani kwa Twaiba

Pale Msambweni, ukitaka tangazo la duka ulikwenda kwa Chirau. Ukitaka kumpiga mtu kijembe harusini, ulikwenda kwa Chirau huyo huyo. Muuza magodoro alipotaka kuchorewa godoro, Chirau alimchorea jogoo akikoroma hali jua liko utosini. Magodoro yaliisha kabla rangi haijakauka.

"Godoro kila mtu analijua," alisema kwa maringo. "Mimi nimechora usingizi."

Nyimbo zake nazo zilikuwa balaa. Aliwahi kutunga wimbo wa mlango usiofungwa, na siku ya harusi wanawake watatu wakanuna, kila mmoja akiapa kwamba ametungiwa yeye. Aliyelengwa hasa alikuwa wa nne, na ndiye aliyecheza kuliko wote.

Fundi huyu wa mafumbo, na miaka yake arobaini na mitatu, alimpenda Twaiba muuza mahamri na hakuwahi kumwambia. Alikuwa mwoga, basi. Akamchorea bure ukutani kikombe kitupu kinachoinamia birika. Kikombe ni mimi, alijisemea, nani asiyeona? Wateja waliona chai. Twaiba akawa anauza birika tatu kila asubuhi badala ya moja, akamshukuru sana. Chirau akakifuta, akachora mtu ananyeshewa na mvua huku mwavuli umeegemezwa mlangoni pa jirani. Wateja wakauliza paa la kibanda litatengenezwa lini, na Twaiba akanunua turubai.

Kisha akaja Feisal, dereva wa tuktuk kutoka Ukunda, mtu asiyeweza kuchora hata yai. Alikula mahamri mawili, akapangusa mdomo, akasema, "Bi Twaiba, nataka kukuoa. Nipe jibu Ijumaa."

Habari zilimfikia Chirau siku ya Alhamisi. Wivu ulimkaba hata chakula kikamshinda. Ijumaa asubuhi alikwenda kibandani, akakuta mabenchi yamejaa, na akaona akirudi nyumbani hatakuja tena.

"Twaiba," alisema, "nataka kukuoa."

Watu waliacha kutafuna. Mzee Shutu, mteja wa kila siku, akaweka kikombe chini. "Kuoa, hapo, ni hiki kibanda," alieleza. "Anataka ubia."

"La, mzee wangu," alisema Ummi muuza nyanya. "Chirau hasemi kitu kilicho karibu hivyo. Bibi arusi ni ukuta. Anataka kuupaka rangi upya."

"Kuna mtu anapigwa kijembe hapa," alisema mwingine, akimtazama jirani yake kwa jicho baya.

Chirau alitaka kulia. Miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha watu hawa wasiamini neno lake lolote, na walikuwa wamefundishika vizuri mno.

"Ni kuoa," alisema. "Kuoa kwenyewe. Posa, mahari, kadhi. Mimi na wewe nyumba moja mpaka tuzeeke. Hakuna kingine ndani yake."

Twaiba aliepua mahamri, akafuta mikono taratibu. "Feisal nitamwambia mwenyewe kwamba nimeposwa," alisema. "Wewe nenda kawaite wazee wako."

"Kumbe umenielewa?"

"Nilikuelewa ulipolisema mara ya kwanza," alisema Twaiba. "Nilitaka tu ulirudie."