Kisu ya kukunja yenye ilikataa kukunjika

Leo nimekutana na mama mukwe, kisu iko wazi mu mukono.

Niliinunua mu soko ya Kamembe, kisu ya kukunja, ya kutembea nayo mu mufuko kila siku. Nikachagua yenye bei ya chini kuliko zote.
Kufunguka, ilifunguka vizuri.
Kufunga, ikakataa.

Nikaibeba vile vile, nikimutukana muuzishaji njia yote.

Mara Maman huyu mbele yangu, ananyoosha mikono. Na kwetu, mukwe anasalimia na mikono yote mbili.

Nikasema tu: "Maman, nimekuletea kisu."

Akaipokea, akafinya kachuma kadogo ku mugongo ya kisu. Tak. Ikafunga. Akaitia mu sakoshi yake ya ku bega.
"Aksanti, mukwe."

Sasa nyinyi bote benye munajuaga kale kachuma, mulinyamazia nini?