Buibui Aliyehamishiwa Mlangoni

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kutumwa kisimani lakini si wa kutosha kuelezwa mambo, nilimtoa buibui kwenye maboga ya bibi nikamweka mlangoni. Tulikuwa tunakaa Kalenga, bibi na mimi. Mama alikuwa Mbeya, akipika kwenye hoteli ya wasafiri, na aliahidi kuja mahindi yakibeba. Mahindi yalibeba, tukayachoma, yaliyobaki yakakauka.

Bibi ndiye aliyenifundisha kwamba buibui akining'inia mlangoni, mgeni yuko njiani. Nikawa nakagua mlango kila asubuhi. Hakuna kitu. Kwenye maboga ndiko walikokuwa, wakubwa, wenye mistari ya njano na nyeusi, wamekaa kichwa chini katikati ya utando. Hao bibi aliwaogopa. Alisema mkojo wao ukikugusa unatoka malengelenge, na akichuma majani ya maboga aliwazunguka kwa mbali.

Nilimchukua mmoja kwa bakuli, nikamfunika na jani. Kulipokucha, utando ulikuwa umeziba nusu ya mlango.

Bibi alikuja na ndoo, akasimama.

"We mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyonitania siku zote. "Huyu nani kamkaribisha?"

"Kaja mwenyewe."

"Kaja na bakuli langu?"

Bakuli lilikuwa bado pale chini. Nikasema ukweli, kwamba ni kwa ajili ya mama. Bibi alimtazama buibui kwa muda.

"Huyu ni wa shambani. Habari za wageni hazijui."

"Si umfundishe."

Nilingoja achukue ufagio. Akageuka, akatokea mlango wa jikoni, na tangu asubuhi hiyo huo ndio tuliotumia. Mchungaji alipokuja kutusalimia alizungushwa nyuma, akapita kati ya kuku na kuni.

"Kamwene, mama. Mlango umeharibika?"

"Haujaharibika. Una kazi."

Mama alifika Jumamosi. Hakuna aliyemwambia azunguke. Aliingia na begi lake kwa mlango wa mbele na kuupasua utando kwa uso.

"Jamani! Nyumba hii siku hizi haifagiliwi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi alimtoa mama nyuzi kwenye nywele, moja moja, kwa vidole vyake, yeye aliyeogopa malengelenge. Buibui alikuwa amekimbilia pembeni mwa fremu. Jioni nilimrudisha kwenye maboga. Jumatatu mama aliondoka nami kwenda Mbeya, na huko ndiko nilikosoma na kukulia.

Sasa ninafanya kazi ya habari hapa hapa Mbeya, na asubuhi kabla ya kutoka napiga picha buibui wa kwenye ua wangu kwa simu. Yule wa njano na nyeusi ni rahisi kumtambua. Miguu yake huikutanisha miwili miwili, utadhani anayo minne tu, na katikati ya utando hushona uzi mzito wa kupindapinda. Hana madhara kwa mtu. Malengelenge yale huletwa na mdudu mwingine, mdogo, ukimponda kwenye ngozi. Bibi amefariki bila mimi kumwambia.

Juzi nilimtumia mama picha moja. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka.

"Huyo si ndiye aliyenipaka utando usoni? Bibi yako alimtuma utingo wa lori la nyanya mpaka hotelini kwetu. 'Mwambie aje amchukue mwanawe. Ameanza kumwomba mama kwa wadudu.'"

Nilisikiliza mara mbili. Miaka yote hii nilijua kwamba buibui wa shambani alijifunza kazi, na bibi hakuwahi kunisahihisha. Kila nilipokwenda likizo alinionyesha pembe ya fremu na kusema, "Pale ndipo alipokaa aliyemwita mama yako."

Aliyemwita alikuwa yeye. Na lori lilipoondoka na ujumbe wake, alijua kwamba atabaki na milango yote miwili, na kisimani atakwenda mwenyewe.