Mbwa Aliyenikutanisha na Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kule Mpwapwa, mwanangu, nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, naogopa kugeuza shingo. Pembeni ya jiko alikuwa amelala mbwa, na kila nilipoamka nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mbavu zake zinapanda na kushuka, au zimetulia? Nilikuwa kijana wa nguvu, fundi mwashi, mawe ya msingi nayabeba begani bila kuguna. Lakini mbavu za yule mbwa nilikuwa naziogopa. Usicheke. Wewe mwenyewe nakuona tangu umlete huyo wako kutoka kwa daktari mjini, unavyomchungulia kila ukipita.

Wangu nilimwokota milimani, tulikokwenda kutafuta mawe. Alikuwa jike, amenasa kwenye mtego wa waya uliotegewa digidigi, na katika kujinasua waya ulikuwa umempasua tumbo. Nikamfunga kwa shati langu, nikamlaza kwenye toroli na kumsukuma hadi kwa daktari wa mifugo, jirani yetu mwenye ofisi ng'ambo ya soko, mtu wa maneno machache. Alimshona huku jasho likimtiririka. Nilipomuuliza kama atapona, alijibu, "Tutaona." Basi mke wangu Neema akampa mbwa jina hilohilo, na likamkaa.

"Mtunze mpaka apone," daktari akaniambia, "halafu tutamtafutia mwenye mifugo amchukue. Ila sikiliza vizuri. Asilambe nyuzi. Kupe wamemmaliza damu, ngozi yake imechoka. Nyuzi zikifumuka, matumbo yatatoka, na sina uhakika kama nitaweza kumshona tena."

Akachukua dumu la mafuta ya kula, akalikata chini na juu, akamvisha shingoni ili mdomo usifike tumboni. Siku hizi nyie mnapewa kola ya plastiki nyororo, imetengenezwa kiwandani. Letu lilikuwa linanuka mafuta ya alizeti, na maskini alikuwa analigonga kila kona ya nyumba.

Maneno yale ya daktari hayakunitoka kichwani. Napanga tofali, nayasikia. Nakula, nayasikia. Mbwa mwenyewe alikuwa na upele hadi masikioni, anatetemeka kwa homa hata jua likiwa la utosi, na uji wa uwele akiulamba kidogo anageuza uso. Kumgusa niliogopa, na kutomgusa niliogopa vilevile. Nilikuwa sijawahi kushika uhai wa kiumbe mkononi namna hiyo, na niligundua kuwa mikono yangu haina uhakika kabisa.

Katikati ya hofu hiyo akaja mama mkwe kutoka Haneti, maana Neema alikuwa mjamzito na miezi imetimia.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu nyie mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana, meno yote nje. Kwetu, wakati ule, mwanamume na mama mkwe hawakutazamana. Akipita njia hii, mimi napita ile. Sili mbele yake, simtaji jina, simsemeshi. Nikitaka kuingia uani nakohoa kwanza, naye anajifunika khanga na kugeukia ukuta mpaka nipite. Likiwapo neno, Neema ndiye analibeba kutoka kwangu kwenda kwake, na la kwake kuja kwangu. Lilikuwa jambo la heshima kubwa, na sikuliona kuwa mzigo hata siku moja, mpaka siku hiyo ninayokusimulia.

Asubuhi hiyo mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka. Nikaenda kazini. Neema alikuwa na siku yake ya kliniki, akaenda na mama mmoja jirani, na nyumbani akabaki mama mkwe na mbwa. Nilikuwa nimesahau pimamaji ya kusawazishia tofali, nikarudi kuichukua. Nilipofika kwenye uzio wa mabua, nikachungulia kwanza kama adabu inavyotaka.

Mama mkwe alikuwa amechutama. Dumu ameshalivua, liko pembeni, na anampaka mbwa samli kwenye kidonda huku akimsemesha kwa Kigogo, kwa upole ambao sikujua anao. "Pole, mama. Nani amekufunga mdomo usijitibu?" Kwa mtu aliyekulia kwenye mifugo, ulimi wa mbwa ndiyo dawa yake, na kumzuia ni ukatili. Alikuwa anamwonea huruma, mwanangu, huruma ya kweli. Na Tutaona, aliyekuwa akikataa hata uji, kwa harufu ile ya samli alikuwa analamba nyuzi kwa bidii zote.

Nikakohoa. Mama mkwe akajifunika khanga, akageukia ukuta, akasubiri nipite. Sikupita. Nikakohoa tena. Mbwa analamba, na mimi nausikia ule ulimi. Hakukuwa na mtu wa kumtuma, njia yote nyeupe.

Niliogopa mbwa atakufa mbele ya macho yangu. Niliogopa pia kwamba nikimfungulia mdomo yule mama atajiona amedharauliwa, atabeba mzigo wake arudi Haneti, na Neema atajifungua bila mama yake. Sijui hofu ipi ilikuwa kubwa. Zilinishika zote mbili, moja mguu huu na nyingine mguu ule, nikashindwa kwenda mbele wala nyuma.

Ndipo nikaona nimsemeshe mbwa.

"We Tutaona!" nikapaza sauti nikiwa nje ya uzio. "Acha kulamba! Daktari kasema ukilamba tumbo litafunguka!"

Halafu nikasikia mama mkwe naye anamjibu mbwa, bado ameelekea ukutani. "Tutaona, waambie vijana wa mjini nimefuga mbwa kabla mama zao hawajaolewa. Lamba, mama, upone."

Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Siku ile nilijibanza kwenye uzio. "Tutaona," nikaanza tena, sauti inanitetemeka, "wasalimie wakubwa, waambie shikamoo, waambie naomba wanisamehe sana, lakini..."

Sikumaliza. Mbwa alilia, kilio chembamba, na kati ya nyuzi nikaona kitu chekundu kinachungulia.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka niko magotini, nimemshika mbwa kichwa, na mama mkwe amegeuka kwa kile kilio. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa ya Neema yaleyale, na yalikuwa na woga kama wangu.

"Shika kichwa vizuri," akasema. Hakumwambia mbwa. Aliniambia mimi.

Akaivua khanga aliyokuwa akijifunikia, akaikunja, akaigandamiza pale tumboni. Vidole vyetu viligusana kwenye damu na hakuna aliyeondoa mkono. Tukamlaza kwenye toroli. Mimi nasukuma, yeye anakwenda kando kichwa wazi, mkono uko juu ya khanga, na tukapita hivyo katikati ya soko la Mpwapwa. Watu walituangalia. Mmoja aliyetufahamu aliziba mdomo kwa kiganja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini sikupunguza mwendo.

Daktari alimshona kwa mara ya pili, na safari hii aliguna zaidi kuliko kusema. Alipomaliza, alinawa mikono akasema, "Mmewahi. Mngechelewa kidogo, ningemchoma sindano asiteseke."

Kurudi, mama mkwe alitangulia bila neno. Nikajua kesho atapanda basi. Mchana wote nilikaa kibarazani nasubiri kusikia anafunga mzigo wake. Jioni Neema akatoka ndani, amejishika kiuno, akaniambia, "Mama ana ujumbe wako. Anasema siku mtoto wako akiugua, usikae nje ya uzio unaongea na mbwa. Ingia umwite yeye mwenyewe."

Wazee wa ukweni waliniita baadaye, nikaenda na mbuzi wa kuomba radhi, mambo yakaisha. Yeye na mimi tukarudia kukwepana kama kawaida. Ila dumu halikuvuliwa tena. Yeye ndiye alikuwa akilikagua. Na alipoondoka, mjukuu wake ameshashika titi vizuri, Tutaona alikwenda naye Haneti kuchunga mbuzi, amenenepa, manyoya yameota. Nililia kwenye stendi nikasingizia vumbi. Kulea cha muda ndivyo kulivyo: unakesha na hofu yake, halafu anayemfaidi ni mwingine, nawe unashukuru.

Sasa nikuambie kwa nini nimeyaleta haya. Jana mchana nilimtupia mbwa wako mfupa wa kuku. Nilikuona ukisimama. Ukafungua mdomo, ukaufunga. Ukangoja nigeuke, ukamtia kidole kooni ukautoa. Ulidhani umeniheshimu.

Mwanangu, je, ungechelewa? Mkubwa akikosea penye uhai wa kiumbe, mwambie palepale. Toa shikamoo kwanza, piga goti ukipenda, chagua maneno laini, lakini yaseme angali anaweza kurekebisha. Usingoje woga uishe, maana hauishi. Sema huku unatetemeka. Na wewe usimdharau aliyekosea, kwa sababu mara nyingi amekosea kwa huruma. Mama mkwe wangu alimpenda yule mbwa kuliko nilivyompenda mimi, na mkono uliomwokoa ulikuwa wake.

Haya, kamwangalie mgonjwa wako. Mungu ampe ngozi mpya na damu yenye nguvu. Wewe akupe ulimi usioganda mbele ya wakubwa. Na mimi, uzee huu ulipofika, anipe masikio ya kukusikia.