Mama Viota na Makinda Wawili

"Hivi wewe, mtu mzima na wajukuu juu, kazi yako ni kuchungulia ndege wakitaga?" jirani aliwahi kumuuliza, wameketi kibarazani wakichambua mboga.

"Afadhali mimi, shoga. Wewe unachungulia watu," Mama Viota akamjibu. Wakacheka mpaka ungo ukawaponyoka.

Kazi yake ndiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kituo cha utafiti wa ndege kilimkuta akiokota kuni msituni, kikamchukua, maana alijua viota vilipo kuliko wenye darubini zao. Humkuti amesimama mbele ya kiota. Hupita kama mwenye safari yake, akainua kijiti chenye kioo kidogo, akatazama ndani, akaendelea mbele. Wala harudi kwa njia aliyoendea.

"Nyoka na tumbili nao wana macho," husema. "Ukisimama, umewaonyesha mlango."

Msimu huu ndege wa koo jekundu walipata taabu. Ndege hao hutaga mayai mawili, basi. Jike huyalalia peke yake, dume akimletea wadudu. Viota vitano vilikuwa vimeshaliwa. Kilibaki kimoja tu, kikombe cha vijizizi na utando wa buibui, kimo cha bega, kichakani kando ya njia kuu. Jumatatu, kwa rehema za Mungu, mayai yakaanguliwa.

Jumanne mkuu wa kituo akatangaza kwamba Alhamisi kuna wageni. Njia ifyekwe, wapelekwe wakakione kiota.

Mama Viota alivua mabuti yake ya matope mlangoni, akaingia ofisini.

"Mama, ni dakika tano tu," mkuu alisema kabla hajaulizwa. "Hakuna atakayewagusa makinda."

"Wageni wangapi, mwanangu?"

"Kumi na wawili."

"Mkeo alipojifungua, uliwaingiza chumbani watu kumi na wawili?"

Karani, mezani kwake pembeni, akajikohoza. Mkuu alitabasamu, ila kalamu hakuiweka chini.

"Sasa wageni niwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe vile vitano vilivyoliwa. Navyo ni kazi yetu."

Mkuu akaiweka kalamu chini. Mama Viota akakunja mikono juu ya kanga yake.

"Naomba njia ile ifungwe siku kumi na mbili, mpaka makinda waruke. Hata mimi nisipite."