Muislamu na wimbo wetu wa wito

Wiki iliyopita, kwenye duka la fotokopi kule Nyakasanza, simu ya mwanaume mwenye kofia ya Kiislamu ililia. Mlio wake ulikuwa ule wimbo wetu wa misa, ambamo Mungu anaita na mtu anaitika. Mama wa mashine akainua kichwa.

"Papa, weye iko Mukatolika?"

"Hapana, mama. Niko Muislamu. Nachimbaka zahabu kule Bambu."

"Sasa huu wimbo?"

Mwanaume akashika sikio lake. "Siku moja shimo ilinifunika. Mwenzangu Mukatolika alikuwa anauimbaka kila siku mu kazi, na mimi nikaujua. Akasimama kule juu, akaimba fasi ya Mungu, ile ya kuita. Mimi chini naitika fasi ya mutu. Wenzangu walichimba kwa kufuata sauti yangu mpaka wakanitosha inje."

Mama akasahau karatasi mkononi. "Na huyo Mungu mwenye alikuita, alikuwa wa nani?"

"Ile siku sikuuliza," akajibu, akicheka.

Mimi nimeuimba tangu komunyo ya kwanza. Jumapili, tulipofika mahali pa kuitika, nilijisikiliza kwa mara ya kwanza. Kwa sauti ndogo ile, wangechimba kwingine kabisa.