Kengele Nyuma ya Skrini ya Daktari

Rachida hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Mashine ndizo zilizomwogopa yeye, hivyo ndivyo wauguzi wa wadi ya watoto njiti pale Kisangani walivyomtania kila alipoingia na bisibisi zake, uso kaukunja. Lakini Jumatatu ile, saa nne asubuhi, alikuwa na hofu, wala hakuificha.

Kifaa kilichochunga pumzi za watoto wanne wa wadi alikitengeneza mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na chipu moja, na ndani ya chipu vichakato vidogo kadhaa: vya kusikiliza watoto, cha kupiga kengele, na kimoja cha kuchora michoro kwenye skrini ya Daktari Médard, mkuu wa wadi, ofisini kwake. Vyote vilipitisha habari zao katika vijia vilevile vyembamba. Kila habari ilikuwa na namba, na yenye namba moja ilipita kwanza.

Asubuhi hiyo muuguzi Emilie alijaribu kengele kwa kuchomoa waya mguuni kwa mtoto wa mama aitwaye Benie. Ikakaa kimya sekunde ishirini nzima ndipo ikalia. Na mtoto huyo, aliyezaliwa kwa miezi saba, alikuwa akisahau kupumua mara mbili tatu kwa siku.

Rachida alijua papo hapo kosa liko wapi, likamchoma. Namba moja alimpa Daktari. Nani angempanga mkubwa nyuma, tena mzee aliyemsomesha tangu baba yake afariki? Basi michoro yake mizito ikajaa njiani, kengele ikasubiri kama toleka, baiskeli ya abiria, iliyobeba mgonjwa nyuma ya lori la ndizi.

“Nazima dakika sita,” alimwambia Emilie. “Utamuchunga na mukono.”

“Sita iko mingi, Rachida.”

“Najua.”

Wale watoto wengine watatu walikuwa wamepakatwa na mama zao. Emilie akaweka kiganja kifuani kwa wa Benie, na Benie akasimama ukutani, kitenge mdomoni. Rachida aliandika namba upya kwenye kompyuta yake: kengele namba moja, na kijia chake peke yake kisichoguswa na yeyote, michoro ya mwisho kabisa. Dakika ya nne kifua kikaacha kupanda; Emilie akamfinya mtoto unyayo. Mtoto akavuta pumzi.

Mlango ukafunguliwa. “Rachida, écran yangu imekufa,” alisema Daktari, ametoka kwenye skrini yake ofisini.

“Niko nairudisha, Papa Docteur. Lakini haitakuwa tena ya kwanza. Nilitia yako mbele, kengele ya batoto nyuma.”

Daktari akaingia ndani. Kifaa kikawaka, Emilie akarudisha waya na kuondoa mkono. Hazikupita dakika mbili mtoto akasahau tena kupumua, na kengele ikalia kali, bila kuchelewa. Emilie alimsugua mtoto mgongo mpaka akalia, na Benie akakaa chini sakafuni akilia naye.

Rachida alitaka kufurahi. Alimtazama Daktari, akaona mzee hamtazami mtoto bali kifaa.

“Iko hivi tangu lini?” Daktari aliuliza.

“Tangu siku ya kwanza, Papa. Wiki tatu.”

Emilie akalifuata daftari la wadi mezani, akarudi nyuma kurasa za wiki tatu, akaanza kusoma majina ya watoto waliofariki.